Misemo ya Wagiriki wa kale kuhusu wema: ipi ni yao kweli, na tuitafsirije?

Mchora_Kalenda

Wakuu, salaam. Klabu ya midahalo ya shule moja ya sekondari inaandaa kalenda ya ukutani yenye kurasa 12, kila mwezi msemo mmoja wa mwanafalsafa wa Kigiriki kuhusu tabia na kuishi vyema. Misemo tisa imeshaokotwa mtandaoni, mitatu bado. Kabla faili halijaenda kwa mpiga chapa, naomba lipite mikononi mwenu.

1. "Sisi ni kile tunachokitenda mara kwa mara. Ubora basi si tendo, ni mazoea." (Aristotle)
2. "Najua kitu kimoja tu, kwamba sijui kitu." (Socrates)
3. "Maisha yasiyochunguzwa hayafai kuishiwa." (Socrates)
4. "Kuwa mpole, maana kila unayekutana naye ana vita vyake." (Plato)
5. "Siri ya mabadiliko ni kuelekeza nguvu zako zote kwenye kujenga jipya, si kupigana na la zamani." (Socrates)
6. "Jitambue." (Socrates)
7. "Tuna masikio mawili na mdomo mmoja ili tusikie zaidi kuliko kusema." (Epictetus)
8. "Dalili ya akili iliyoelimika ni kuweza kulitafakari wazo bila kulikubali." (Aristotle)
9. "Kula, kunywa, furahi, kesho tutakufa." (Epicurus)

Maswali ni mawili. Ipi ni ya kweli? Na maneno *arete* na *eudaimonia* niyaweke vipi kwa Kiswahili? Kote naona "fadhila" na "furaha", lakini nikiyatia kwenye sentensi, sentensi inagoma.

Msoma_Pambizo

Unaosimama kama ulivyoandikwa ni mmoja tu, namba 3. Namba 6 na 7 ni ya Kigiriki kweli ila umewapa wasio wenyewe. Namba 2 imepindwa. Iliyobaki mitano, itoe.

Kwanza njia ya kukagua, maana itakusaidia na hiyo mitatu uliyobakiza. Msemo wa kweli wa Mgiriki una anwani. Plato anatajwa kwa kurasa za chapa ya Stephanus, Geneva 1578, na kila ukurasa umegawanywa kwa herufi a hadi e. Aristotle anatajwa kwa chapa ya Bekker, Berlin 1831: ukurasa, safu a au b, kisha mstari. Diogenes Laertius, aliyekusanya habari za wanafalsafa katika vitabu 10, anatajwa kwa namba ya kitabu na ya kifungu. Namba hizi hazibadiliki hata tafsiri ikiwa ya Kijerumani au Kijapani. Kwa hiyo ukiona "Aristotle" tupu chini ya picha ya machweo, uliza anwani. Ukipewa, fungua maandishi yenyewe (maktaba ya mtandaoni ya Perseus, ya Chuo Kikuu cha Tufts, ni ya bure) na usome mistari kumi kabla na kumi baada. Hiyo mistari ishirini ndiyo inayoua nukuu nyingi.

Kwa Socrates kuna kichujio cha ziada. Yeye hakuandika kitabu, kwa hiyo kila neno lake limepitia mkono wa mwingine: Plato, Xenophon, au watu wa baadaye sana. Msemo wa Socrates usio na jina la aliyeuandika ni sawa na barua isiyo na stempu.

Sasa orodha yako.

Namba 1 ni maneno ya Mmarekani Will Durant katika kitabu chake cha historia ya falsafa cha 1926. Alikuwa anamfupisha Aristotle. Watu wakamfuta Durant wakaacha jina la Aristotle. Wazo lipo, ila la Aristotle mwenyewe lina meno zaidi. Yuko *Maadili ya Nicomachus* 1103a–b: kwa kujenga tunakuwa wajenzi, kwa kupiga kinubi tunakuwa wapiga kinubi; vivyo hivyo kwa kutenda haki tunakuwa wenye haki. Halafu anaongeza jambo ambalo Durant hakulibeba: kwa kupiga kinubi hichohicho ndiko wanakotokea wapiga kinubi *wabovu*. Kurudiarudia peke yake hakutoshi. Ukirudia vibaya, unaukomaza ubovu. Mbele kidogo, 1105a, anataja masharti matatu ili tendo lihesabiwe kuwa la haki hasa: mtendaji ajue anachofanya, akichague kwa ajili yake chenyewe, na atende kutoka kwenye tabia iliyokaa imara. Anayelipa deni kwa sababu mdai amesimama mlangoni ametenda jambo la haki, lakini kwa masharti hayo bado hajawa mtu wa haki.

Namba 2: Plato, *Utetezi wa Socrates* 21d. Rafiki yake Chaerephon alikwenda Delphi, kwenye hekalu la mungu Apollo ambako watu walikwenda kuuliza mambo, akauliza kama yupo aliyemzidi Socrates hekima, akajibiwa hakuna. Socrates akaenda kumhoji mwanasiasa mmoja aliyesifika kwa hekima, akaondoka akijisemea hivi: huyu anadhani anajua naye hajui, mimi, kama nisivyojua, ndivyo nisivyodhani kwamba najua. Huko si kusema "sijui kitu". Tena 29b anasema wazi kwamba lipo analolijua: kutenda udhalimu na kumwasi aliye bora kuliko wewe, awe mungu au mtu, ni uovu na ni aibu. Msemo wa mtandaoni unamfuta Socrates huyo mwenye msimamo, unamwacha mzee mnyenyekevu asiyemkera mtu. Mzee wa namna hiyo asingeshitakiwa.

Namba 3: *Utetezi* 38a. Mwaka ni 399 K.K., ana miaka 70, ameshatiwa hatiani, na sasa anatakiwa apendekeze adhabu yake. Anaeleza kwa nini hawezi kwenda uhamishoni akakaa kimya: jema kuu kwa mwanadamu ni kuzungumza kila siku kuhusu wema, akijihoji na kuwahoji wengine, na maisha yasiyohojiwa si ya kuishiwa na mwanadamu. Nakushauri uandike "yasiyohojiwa". "Yasiyochunguzwa" inamfanya msomaji afikirie mtu peke yake na daftari lake usiku. Socrates anazungumzia mahojiano ya ana kwa ana, sokoni, mbele ya watu.

Namba 4 ni ya mchungaji wa Scotland, John Watson, aliyeandika kwa jina la Ian Maclaren mwishoni mwa karne ya 19, na neno lake la kwanza lilikuwa la kuhimiza huruma, si upole. Namba 5 imetoka kwenye riwaya ya Dan Millman ya 1980. Humo mzee wa kituo cha mafuta amebandikwa jina la Socrates, na mtandao haukusoma jalada.

Namba 6 ilichongwa kwenye hekalu la Apollo huko Delphi. Socrates aliitumia, hakuitunga. Namba 7, Diogenes Laertius 7.23 anampa Zeno wa Citium, mwanzilishi wa Ustoa (shule ya falsafa ya Wastoa), akimkemea kijana mpayukaji.

Namba 8 haipo kwa Aristotle. Iliyo karibu ni 1094b: aliyeelimika hutafuta usahihi katika kila jambo kwa kadiri jambo lenyewe linavyoruhusu, ni upuuzi kumkubalia mwanahisabati anayekuja na maneno ya ushawishi tu, na ni upuuzi uleule kumdai msemaji wa hadharani uthibitisho wa kihisabati. Kwa klabu ya midahalo, hii ni dhahabu.

Namba 9 ni Isaya 22:13, na Paulo anairudia 1 Wakorintho 15:32. Epicurus masikini! Huyo ndiye aliyemwandikia rafiki yake amtumie chungu kidogo cha jibini ili akitaka kufanya karamu afanye (Laertius 10.11).

Binti_Kamusi

Nichukue swali la pili.

"Furaha" kwa *eudaimonia* ijaribu kwa msemo wa Solon, mtunga sheria wa Athens, kwa Croesus, mfalme wa Lydia (Herodotus 1.32). Croesus amemwonyesha hazina zake zote, anangoja aambiwe hakuna anayempita. Solon anamjibu kuwa mtu kabla hajafa ungoje kwanza, usimwite *olbios*. Andika "usimwite mtu mwenye furaha mpaka afe" uone inavyochekesha, kwani maiti ana furaha gani? Sasa andika "kabla mtu hajafa usimwite mwenye heri, mwite mwenye bahati". Imekaa. Neno lile ni *olbios*, si *eudaimon*, lakini Aristotle anapoujadili msemo huu katika kitabu cha kwanza cha *Maadili* anauweka moja kwa moja kwenye mjadala wa *eudaimonia*. Furaha huja na kuondoka ndani ya saa moja. Heri ni hukumu juu ya maisha mazima, na msomaji wa Kiswahili ameshaizoea katika "Heri walio maskini wa roho".

*Arete* ni ngumu zaidi kwa sababu Wagiriki walilitumia hata kwa vifaa. Katika *Jamhuri* ya Plato, 353a, Socrates anauliza: tawi la mzabibu unaweza kulikata kwa jambia au kwa kisu cha kawaida, lakini hakuna kitakachokata vizuri kama kisu kilichofuliwa kwa kazi ya kupogolea. Kisha anauliza juu ya *arete* ya macho na ya masikio. Huwezi kusema "fadhila ya macho". Kwa Kiswahili cha kila siku fadhila ni hisani anayokutendea mtu, ndiyo maana tunasema fadhila za punda ni mateke. Hapo mimi naandika "ubora", na mahali pa tabia "ubora wa tabia".

Fundi_wa_Pwani

Binti Kamusi, kwenye heri nakuunga mkono kwa mikono miwili. Kwenye fadhila umelihukumu neno haraka.

Waliomtafsiri Aristotle kwa Kiarabu katika karne ya 9 walichagua *faḍīla* kwa *arete*, nao hawakubahatisha. Mzizi wake unahusu kuzidi, kuwa juu ya kiwango. Kwenye mzizi huohuo sisi tunalo "afadhali", yaani lililo bora kuliko lingine. Kwa hiyo maana ya ubora imo ndani ya fadhila tangu asili, ila mtaani imesinzia. Na si kwamba imekufa: Wakatoliki wanasema "fadhila za Kimungu" kila siku bila kumchanganya mtu.

Ninavyofanya: zikitajwa zile nne za *Jamhuri* 427e, naandika "fadhila nne: hekima, ushujaa, kiasi na haki", kwa sababu zikiwa zimepangwa hivyo hakuna atakayedhani ni hisani. Likija jambo la kisu na macho, ubora. Neno moja la Kigiriki kupewa maneno mawili ya Kiswahili si dhambi, mradi utangulizi wa kalenda uwe na sentensi moja ya kueleza.

Hatari halisi iko kwa Heraclitus, mwanafalsafa aliyemtangulia Socrates, kama utamwongeza: *ethos anthropoi daimon*, maneno matatu tu. Ukimtafsiri *daimon* kwa kufuata sauti utaishia "pepo" au "shetani", na mwezi mmoja ukutani utasomeka "tabia ya mtu ni shetani wake". Wazazi watapiga simu. *Daimon* hapa ni nguvu ya kimungu iliyompangia mtu fungu lake. Andika "Tabia ya mtu ndiyo majaliwa yake."

Mchora_Kalenda

Ahsanteni sana, zile namba tano za kutoa nimeshazikata. Fundi, Heraclitus ameingia. Nafikiria pia kuongeza "Kila kitu kwa kiasi" na kuweka jina la Aristotle, kwa ile nadharia yake ya katikati. Hiyo si ndiyo maana yake, kwamba usizidishe wala usipunguze, kaa kati?

Msoma_Pambizo

Usiweke. Hayo ni ya Delphi, *meden agan*, maneno mawili. Kwa Kiswahili "Usipitilize" linatosha, neno moja. La tatu pale hekaluni ni la mambo ya dhamana: ukimdhamini mtu, maafa hayako mbali. Hilo halina falsafa ndefu, lakini kila aliyewahi kuweka sahihi kwenye mkopo wa mwenzake atalielewa.

Katikati ya Aristotle si nusu ya njia. Mwenyewe anatoa hesabu, 1106a–b. Tuseme chakula cha mina 10 ni kingi mno na cha mina 2 ni kidogo mno. Mina moja ya Athens ilikaribia gramu 430, kwa hiyo ni kama kilo 4.3 dhidi ya gramu 860. Katikati ya hesabu ni mina 6. Je, mwalimu wa mieleka ampe kila mtu mina 6? Hapana: kwa Milo, yule bingwa wa Croton, hazitoshi, na kwa anayeanza mazoezi leo ni nyingi. Katikati ni "kwetu sisi": kwa mtu huyu, kwa wakati huu, kwa jambo hili, kwa namna ipasavyo. Wakati mwingine kiasi kinachofaa cha hasira ni kikubwa. Anayedhulumiwa nduguye akabaki anatabasamu hajakaa katikati, amepungukiwa.

Na yapo yasiyo na katikati kabisa. 1107a anataja uzinzi, wizi na kuua. Hakuna kuiba kwa kiasi.

Akishasema hayo anatoa maelekezo ya kazi, 1109a–b, na hapa ndipo watu wengi wa nukuu hawafiki. Kwanza, kati ya pande mbili kosefu, moja huwa mbaya zaidi; hiyo ikimbie kuliko nyingine. Kwa ushujaa, woga uko mbali zaidi na lengo kuliko ujuba, kwa hiyo ukishindwa kupiga katikati, kosea upande wa ujuba. Pili, jipime mwenyewe unaelemea wapi. Kipimo ni raha na maumivu unayoyasikia. Kisha jivute upande wa *pili*, mpaka upite katikati, kama wanaonyoosha mti uliopinda. Fundi wa mbao anaielewa hii bila maelezo: ubao uliopinda ukiusukuma hadi usawa tu ukauachia, unarudi. Tatu, jihadhari na raha zaidi ya kitu kingine chochote, maana hapo hakimu wetu ameshahongwa.

Sisi tuna "samaki mkunje angali mbichi", na Aristotle angelikubali (1103b anasema malezi ya utotoni si jambo dogo, ni karibu kila kitu). Lakini mfano wa mti uliopinda ni wa mtu mzima aliyekwisha kukauka, na bado anasema ananyooshwa.

Kuhusu nukuu zisizo na mwenyewe: katika ukurasa huohuo Aristotle ananukuu ushauri wa kuepusha merikebu na povu na mawimbi, akasema ni wa Calypso. Kwa mshairi Homer ushauri huo ni wa Circe, na maneno yenyewe Odysseus anamwambia mshika usukani wake. Kumbe hata yeye!

Mlinzi_wa_Bustani

Nimechelewa, ila Wastoa na Epicurus wamepitwa juujuu, na wao ndio walioandika misemo ili *itumike*.

Epictetus naye hakuandika. Alizaliwa mtumwa, akafundisha Nicopolis, na mwanafunzi wake Arrian ndiye aliyeandika, kisha akakamua *Encheiridion*, kitabu cha kushika mkononi, sura 53 fupifupi. Wa kumweka badala ya yale masikio mawili ni sura ya 5: "Kinachowasumbua watu si mambo yenyewe, bali wanavyoyachukulia." Tafadhali usiukate mkia. Sura inaendelea hivi: asiyefundishwa huwalaumu wengine kwa mabaya yake, aliyeanza kufundishwa hujilaumu mwenyewe, aliyekwisha kufundishwa hamlaumu mwingine wala hajilaumu. Ukiacha mkia, msemo unageuka rungu la kumpigia aliyefiwa: "Tatizo ni unavyolichukulia." Ukiwepo mkia, rungu halina mahali pa kushikwa.

Na mazoezi yake yana mpangilio. Sura ya 3 inaanza na chungu: unakipenda, jiambie "napenda chungu", ili kikivunjika usihangaike. Sura ya 12: mafuta kidogo yamemwagika, divai kidogo imeibwa, sema "hii ndiyo bei ya utulivu". Sura ya 4: kabla ya kwenda hamamu, jikumbushe yanayotokea huko, kurushiana maji, kusukumana, matusi, wizi. Wengi wanarukia misiba mikubwa siku ya kwanza, wanashindwa, wanasema Ustoa ni wa watu wa mawe. Epictetus anasema anza na chungu.

Kwa Epicurus, chukua msemo wa 71 katika mkusanyo wa Vatikani, misemo 81 iliyogunduliwa katika hati ya maktaba ya huko mwaka 1888: "Kila tamaa iulize: nitapata nini ikitimia, na nini isipotimia?" Watu huuliza nusu ya kwanza tu. Nusu ya pili ndiyo inayokata tamaa za bure: chakula kisipopatikana utaumia, kiti cha mbele harusini kisipopatikana hutakumbuka wiki ijayo. Anazipanga tamaa makundi matatu: za asili na za lazima, za asili zisizo za lazima, na zisizo hili wala lile, zilizozaliwa na dhana tupu. Hizo za mwisho hazina kikomo, na kwa hiyo hazishibi.

Mchora_Kalenda

Nimeshindwa kuzipunguza sasa, tatizo limegeuka! Swali la mwisho: chini ya msemo niandike "Socrates" au "Plato"? Na kichwa cha kalenda kilikuwa "Busara za Wanafalsafa wa Kigiriki".

Binti_Kamusi

Andika "Socrates, katika Plato, *Utetezi* 38a". Inaingia kwenye mstari mmoja hata kwa herufi ndogo. Kwa Epictetus andika sura tu, kwa Solon "Herodotus 1.32".

Kichwa kibadilishe kiwe "Busara za Wagiriki wa Kale". Solon alikuwa mtunga sheria na mshairi, akahesabiwa kati ya wale saba wenye hekima, na ukuta wa hekalu si mwanafalsafa.

Ukibakiwa na nafasi moja, weka Aristotle, *Maadili* 1098a: "Mbayuwayu mmoja haleti majira ya kuchipua, wala siku moja, vivyo hivyo siku moja haimfanyi mtu kuwa mwenye heri." Iweke Machi au Aprili. Mbayuwayu wa Ulaya huja kukaa Afrika kipupwe cha kwao, na miezi hiyo ndiyo wanapoondoka huku kurudi kaskazini, kwa hiyo ndege anayempungia mkono mwanafunzi wako dirishani ndiye yule Mgiriki aliyekuwa akimngoja.